Gari la Mgeni Halilali na Vumbi

Mmeniuliza wengi, na kila mmoja nimempa jibu fupi: barabara. Asiyeridhika nikamwambia: gari. Sasa kwa kuwa hamchoki kuuliza ilikuwaje mtu mwenye gari lake, aliyeondoka Bagamoyo jua likiwa bado changa, akakosa maziko ya baba yake mkubwa Pangani, nakaa niyaandike yote mara moja nipumzike. Nina sharti moja. Maandishi haya yasifike Bagamoyo. Mkiyamaliza mtaona sababu, na atakayeyapeleka huko nitamkana hadharani.

Mambo ya ruhusa ya kazini na maandalizi nayaruka, hayana utamu. Naanza pale maji yalipoanza kumwagika.

Bagamoyo, asubuhi

Nilifika Ijumaa jioni kutoka Dar kumchukua Shangazi Mwanaidi. Anaishi mjini kwa binti yake, dada Zuhura, na mume wa Zuhura anaitwa Mbaruku, nami namwita Shemeji. Safari yenyewe ilikuwa ya kumuona mgonjwa. Baba Mkubwa alikuwa kitandani Pangani kwa muda mrefu, na alituma neno kwamba anataka kumuona dada yake. Katika tumbo la bibi yangu walikuwa wamebaki wao wawili tu.

Sasa lazima niwaelezee Shemeji Mbaruku. Ni mtu wa kamba na nyavu, ana duka lake karibu na soko la samaki, na ana tabia moja aliyorithi kwa baba yake. Marehemu baba yake alikuwa akiosha baiskeli za wageni wakiwa wamelala. Mgeni anaamka, anakuta baiskeli imesimama ukutani inameremeta, hata spoki. Mbaruku amepanda cheo, anaosha magari. Kila ninapokwenda Bagamoyo, na mwaka huu nimekwenda mara nyingi, naamka nasikia maji yakimwagwa uani.

Asubuhi ile pia nikatoka na kikoi changu, nikakuta boneti iko wazi, naye amejifunga taulo kiunoni, ndoo mbili miguuni, anaisugua injini kwa brashi ya viatu.

"Shemeji, unanifedhehesha," nikamwambia. "Mimi mwenyewe humo ndani sijawahi kupajua."

"Gari la mgeni halilali na vumbi nyumbani kwangu," akajibu, kama anavyojibu siku zote, na akatupia ndoo ya mwisho. Pwaa! Injini ikang'aa kama sahani za harusi. Nikamshukuru. Nataka mkumbuke hilo: nilimshukuru, tena kwa maneno mengi, maana mimi ni msomi na maneno ndiyo mtaji wangu.

Tulikuwa kwenye chai na vitumbua simu ilipolia. Alikuwa Athumani, mtoto wa Baba Mkubwa.

"Kaka, baba ametutoka. Alfajiri hii."

Maziko, akasema, ni baada ya sala ya alasiri. Wangeweza kuzika adhuhuri, lakini wamekubaliana wamsubiri Shangazi aje amuone. Wenzangu wa bara mnisikilize hapa. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Wao wanamuaga maiti ndani ya nyumba: anafunuliwa uso, anatazamwa, kisha anafunikwa, na wanaume wanaondoka na jeneza. Likishatoka mlangoni, basi. Kwa Shangazi, kuwahi maana yake ilikuwa kuuona ule uso. Kisichokuwa hicho, iwe hitima au pilau au rambirambi, angeweza kukipata hata mwezi ujao.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Shangazi akasema. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akatoka na kikapu, juu yake kichupa cha marashi ya sanda. "Twende, baba," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, baba, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake.

Shemeji alitufungulia mlango wa gari, akakipangusa kioo kwa kiganja.

Bagamoyo hadi Kiwangwa

Tukashika njia ya Msata. Barabara nzuri, asubuhi imetulia, Shangazi anasoma nyiradi zake taratibu. Nikapiga hesabu kichwani nikaona tutafika kabla hata ya maji ya kuoshea maiti kupoa.

Tulipokaribia Kiwangwa, mshale wa spidi ukaanguka. Nakwenda kwa kasi, miti inapita, na mshale umelala kwenye sifuri kama mtu aliyezimia. Gari likashtuka, likanguruma, likang'ang'ania gia moja na kukataa kubadili. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, na nyingine pembeni yake ikaanza kupepesa.

"Linasemaje?" Shangazi akauliza.

"Linasema tumesimama."

"Lakini tunakwenda."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi linasema uongo."

Nikaegesha penye meza za mananasi. Pembeni kulikuwa na banda la mabati na fundi anayeitwa Mkude, mtu mnene, mcheshi, mwenye spana mfukoni kama wengine wanavyoweka kalamu. Alifungua boneti, akapiga mbinja.

"Mzee, injini safi hii! Unaishi humu?"

Nikamweleza habari ya mshale. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Gia boksi hiyo. Imekufa."

"Imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Hizi gari zenu za kompyuta, mzee, hazina ugonjwa mmoja."

Mkude hakuwa akijua. Nilimuona usoni kwamba hajui. Lakini mtu wa kwetu ukimuuliza njia asiyoijua atakuonyesha njia, kwa kuwa kukuacha mikono mitupu ni utovu wa adabu. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, akanusa. Akamtuma mtu wa bodaboda alete mafuta. Bodaboda akaenda, akakaa huko, akarudi na mafuta ya breki. Akaenda tena. Mimi nazunguka gari kama anayetufu Kaaba. Mwisho Mkude akachoka na mafuta yake, akachomoa waya wa betri.

"Kompyuta ilale kidogo," akasema. "Ikiamka itakuwa imesahau."

Na kweli! Aliporudisha waya nikawasha, taa zote zikazimika, mshale ukainuka. Nilimpa mkono kwa mikono miwili. Ni baadaye sana ndipo nilipofahamu alichokifanya: gari lilikuwa likipiga kelele kwamba linaumwa, naye akaliziba mdomo.

Mama muuza mananasi alikuwa amesikia kwa Shangazi habari ya msiba. Akachagua nanasi kubwa kuliko yote, akalimenya, akalikata vipande, akalifunga kwenye mfuko.

"La njiani, bibi. Poleni sana. Na hili la pili pelekeni kwa wafiwa."

Nikatoa pochi. Akanikasirikia. "Baba, mimi nimekuuzia?"

Siku ile nilihitaji mtu mbaya. Mtu mwenye hasira anahitaji wa kumtupia. Barabara yote ile, kuanzia Bagamoyo mpaka Pangani, wapumbavu niliwaona, mimi nikiwa wa kwanza wao, lakini mbaya sikumpata hata mmoja.

Msata, na kurudi nyuma

Kompyuta ilikumbuka kabla hatujaiona Msata. Mshale chini, ngurumo, taa. Tukajikokota hadi njia panda, gari likilia kwa gia moja kama ng'ombe anayevutwa kamba.

Pale Msata ukienda kulia unakwenda Segera, na kwa mbele Tanga na Pangani. Ukienda kushoto unarudi Chalinze. Watu wa njia panda walikusanyika, wakatazama injini, wakaisifu kwa usafi wake, na wote wakasema neno moja: Lugoba. Lugoba kuna fundi ana mashine ya kupimia. Anaitwa Injinia. "Hapo tu, mzee." Lugoba iko kushoto.

Nikamtazama Shangazi. Yeye akaitazama njia ya kulia.

"Wewe ndiye dereva," akasema.

Nikaenda kushoto. Nina shahada mbili, na nimeandika makala zisizo na idadi kuhusu jinsi taifa linavyokwenda nyuma likidhani linakwenda mbele. Nilikwenda kushoto.

Lugoba

Injinia alikuwa kijana mtanashati mwenye miwani, na mashine yake ilikuwa kwenye mkoba mdogo kama ule wa kupimia presha. Aliichomeka chini ya usukani, akasubiri, akasoma.

"Umeona, mzee? Sensa ya spidi ya gia boksi."

Alinieleza vizuri, simnyimi haki yake. Ndani ya gia boksi kuna kitu kinazunguka, na pembeni yake kimekaa kidude kidogo kama kidole, kinahesabu mizunguko na kuipeleka habari kwenye kompyuta. Kidude kikinyamaza, gari halijui linakwenda kasi gani. Likikosa kujua linaogopa, na likiogopa linashika gia moja na haliiachi.

"Kwa hiyo gia boksi haijafa?"

"Gia boksi nzima kabisa. Sensa ndiyo imekufa. Ninayo iliyotoka kwenye gari kama hili. Dakika kumi."

Hayo maneno, dakika kumi. Wakati huohuo basi la kwenda Tanga likasimama kituoni ng'ambo ya barabara. Kondakta akapiga kelele: "Tanga, Segera, nafasi moja, nafasi moja nyuma!" Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi la Injinia. Alisimama. Aliangalia basi, akaniangalia mimi.

"Mama, usihangaike," Injinia akamwambia, spana tayari mkononi. "Na magoti hayo ukakae siti ya nyuma? Dakika kumi mnaondoka, na hilo basi mtalipita Wami."

Nami nikasema, kwa sauti yangu hii hii ninayofundishia: "Kaa tu, Shangazi."

Akakaa. Basi likaondoka. Nimelirudia hilo basi kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kulisoma.

Kuifikia sensa ilibidi afungue kwanza kisanduku cha chujio la hewa. Boliti moja ikakataa. Akaenda kuazima spana. Muadhini akaadhini adhuhuri, Injinia akaenda kusali, na ningemlaumu vipi? Aliporudi, Shangazi alikuwa ameagiza wali na maharage kwa mama wa jirani. Yeye mwenyewe hakuugusa. Ulikuwa wa Injinia.

"Mtu hafanyi kazi na njaa," akasema. "Kula, mwanangu."

Akala. Alikula kwa adabu, tonge dogodogo, akitafuna kama mtu anayepimwa. Nilimsimamia kichwani. Nilitamani kumpokonya sahani nikammwagie hayo maharage kwenye mkoba wa mashine.

"Karibu, mzee," akaniambia.

"Nimeshiba," nikajibu.

Mwisho alichomoa soketi ya waya, ile inayoingia kwenye kichwa cha sensa. Ndani yake niliona weupe, kama unga. Nikamuonyesha.

"Vumbi tu," akasema. Akapuliza, puu, akatoa sensa ya zamani, akaweka nyingine, akairudisha soketi ileile kwa nguvu mpaka ikalia. Akafuta makosa kwenye mashine. Taa zikazimika. Mshale ukainuka.

"Mashine haidanganyi, mzee," akasema akifunga mkoba.

Kweli haidanganyi. Ila mtoto akilia na kushika tumbo, amekuonyesha panapouma tu. Hajakwambia amekula nini. Hilo la pili linataka mtu wa kuuliza, na pale Lugoba hakuna aliyeuliza, nikiwemo mimi niliyekuwa nimeuona ule weupe kwa macho yangu.

Lugoba hadi Mbwewe

Tukaipita Msata tena, safari hii tukielekea kunakotakiwa. Tukavuka Wami. Sikuliona basi. Gari lilikwenda vizuri kwa muda wote ambao injini ilihitaji kupata moto sawasawa. Tulipofika Mbwewe, mshale ukaanguka.

Niliegesha, nikazima, nikashuka, nikaupiga mlango teke. Mlango wangu mwenyewe. Halafu nikafungua boneti. Sasa nilijua sensa iko wapi, maana nilikuwa nimeukodolea macho mkono wa Injinia mchana kutwa. Nikafungua kisanduku cha chujio kwa spana iliyokuwa kwenye buti, nikaishika ile soketi na kuivuta kwa hasira zangu zote. Kilimi cha plastiki kinachoibana kikavunjika. Ikatoka.

Weupe ulikuwa umerudi, na chini yake kulikuwa na ukijani kama wa sarafu ya zamani. Vijiti viwili vya shaba vilikuwa vimelika.

"Vumbi tu!" nikapiga kelele, peke yangu, barabarani. "Vumbi tu!"

Shangazi alishuka taratibu, mkono mmoja kwenye goti, akaja akanishika mkono ulioshika soketi, akausogeza karibu na jicho lake. Akakwaruza kwa ukucha.

"Vumbi gani hili linashika hivi?" akasema. "Birika letu la maji ya kuoga nyumbani limejaa hili hili. Kila mwezi nakwangua kwa kijiko. Hebu onja."

Nikaonja. Msinicheke. Nilitia ncha ya ulimi.

Chumvi.

Nyinyi mnaoijua Bagamoyo mnajua visima vya pale mjini. Maji ya kunywa yananunuliwa. Ya kisimani ni ya kufulia na kuoshea vyombo, na sabuni haitoi povu humo mpaka uibembeleze. Na ya kuoshea magari ya wageni. Mwaka mzima, kila nilipolala pale, ndoo baada ya ndoo ilikuwa ikipenya humo ndani kwa brashi ya viatu. Ile ya asubuhi ndiyo ilimaliza kazi.

Tukatazamana. Sikuwa na haja ya kulitaja jina, wala yeye.

"Usimwambie," akasema.

"Shangazi!"

"Usimwambie Mbaruku. Umenisikia?"

"Ametuharibia siku ya leo! Wewe unajua leo ni siku gani?"

"Mimi ndiye nisiyejua?" Sauti yake haikupanda. "Ameosha gari la kwenda kwa mgonjwa. Alitaka kaka yangu aone nimekuja kwa heshima. Ukimwambia, atalibeba mpaka kaburini kwake. Na wewe utapata nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Hata hivi sasa ninayo. Simu ikalia kabla sijaanza.

Athumani. Nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Kaka, alasiri tumeshasali. Mko wapi?"

"Mbwewe."

Athumani anaijua njia vizuri kuliko mimi. Mbwewe ni mbali na Pangani kwa gari zima, sembuse langu.

"Tunaweza kumchelewesha kidogo," akasema. "Imamu ananiangalia, lakini..."

Nilikuwa namwambia ngojeni, ngojeni hata mpaka karibu na magharibi, mnawezaje kushindwa kungoja, Shangazi aliponichukulia simu mkononi. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyoishika siku zote.

"Athumani. Ni mimi shangazi yako. Mtoeni baba yako... Ndiyo. Mtoeni. Haifai kumsubirisha... Hapana, mwanangu, usilie, watu wanakungoja. Haya."

Akanirudishia. Kisha akachukua chupa ya maji ya kunywa, akaimimina juu ya ile soketi mikononi mwangu, polepole, akachomoa pini kwenye ushungi wake akanipa.

"Kwangua," akasema.

Nikakwangua. Alikausha kwa pembe ya kanga yake. Tukaiweka juani juu ya paa la gari, tukakaa kivulini tukala nanasi la Kiwangwa. Kwa kuwa kilimi nilikuwa nimekivunja, alichana ukanda wa kanga nikaifunga soketi nao. Nikawasha.

Segera, Muheza, Pangani

Hapa sina la kusimulia. Gari lilikwenda kama siku lilipotoka melini. Gia zilibadilika kwa upole, mshale ulisimama panapostahili, na hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi. Baada ya Muheza kuna vumbi na mashimo, nalo likapita vyote bila kulalamika. Ningefurahi lingekufa moja kwa moja. Mtu aliyekuchelewesha kisha akawa mchangamfu njiani, utamfanya nini?

Shangazi hakusoma nyiradi tena. Aliuliza mara moja tu, "Hapa ndipo Boza?" Nikamwambia ndiyo. Akasema Baba Mkubwa alimleta hapo alipokuwa mdogo, kwa baiskeli, kula maembe ya watu.

Tulifika magharibi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi nje, na udongo kwenye pindo za kanzu zao ulishakauka. Athumani alikuja kunifungulia mlango. Kwenye kucha zake bado kulikuwa na mchanga wa kaburi.

"Poleni na safari," akasema. Hilo tu.

Wanawake walimpokea Shangazi mlangoni kwa kilio. Kutoka nje nilimsikia mmoja akimwambia kwamba uso ulikuwa mzuri, umetulia, kama amelala, kana kwamba anataka kucheka. Nikamsikia Shangazi akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa amenyolewa ndevu?" Wakajibizana ndani. Mmoja akasema ndiyo, mwingine akasema zilipunguzwa tu. Hawakuafikiana.

Asubuhi alinipa kile kichupa cha marashi. Sanda ilikuwa imekwisha kwenda bila hayo. Nikaenda makaburini na Athumani nikayamimina juu ya udongo, yote. Niliporudi aliniuliza kaburi limekaaje, nikamweleza mpaka upande kilipo kivuli. Nilimueleza vizuri. Maneno ndiyo mtaji wangu.

Kurudi Bagamoyo

Tulirudi baada ya hitima. Kuanzia Muheza mpaka Msata nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Niliipunguza makali, nikayarudisha, nikaongeza mfano wa kisayansi kuhusu shaba na chumvi. Shangazi alikuwa anasinzia, au anajifanya. Tulipoipita Kiwangwa akafumbua macho.

"Baba," akasema.

"Naam."

"Hiyo unayoitafuna, imeze."

Shemeji alitusikia kabla hatujazima gari. Akatoka mbio, akampokea Shangazi kikapu, akambusu mkono.

"Poleni, mama. Poleni sana. Mlifika salama?"

"Tulifika, alhamdulillahi."

"Mliwahi?"

Nikafungua mdomo. Shangazi alikuwa ameshika bega la Mbaruku ili apande ngazi ya baraza, na hakugeuka kunitazama.

"Kaka amezikwa vizuri," akasema. "Watu wengi. Na gari ulilolisafisha, Pangani nzima wamelisifia. Wameuliza nani kaliosha."

Mngemuona! Mtu mzima, ana mvi, alicheka mpaka akainamisha uso. Kisha akaligeukia gari. Vumbi la njia ya Muheza lilikuwa limelifunika mpaka vioo.

"Aa, hapana," akasema. "Shemeji, hii hapana. Gari la mgeni halilali na vumbi nyumbani kwangu."

Akaingia uani. Nikasikia ndoo ikigonga ukingo wa kisima.

Jamani, nimesoma. Nimewahi kubishana na maprofesa. Katika muda wa ndoo moja kupanda, nilitafuta neno la kumzuia mtu yule ambalo halingekuwa tusi wala uongo, sikulipata. Basi nikafanya nililoliweza. Nilipanda, nikakaa juu ya boneti.

Alirudi na ndoo mbili na ile brashi.

"Shemeji, shuka nifungue hapo."

"Hapa pasafi."

"Pasafi wapi? Huoni?"

"Osha pengine, Shemeji. Mimi nimekaa."

Akanitazama, akamtazama mama mkwe wake kule barazani, kwa namna mtu anavyotazama akiuliza mgonjwa ameanza lini.

"Muache akae," Shangazi akasema. "Amechoka na safari."

Akaosha milango. Akaosha magurudumu, akaosha paa, na majirani wakasimama kutazama mwandishi kutoka Dar aliyekaa juu ya gari linaloogeshwa, mikono kifuani, amekunja uso kama amenyimwa haki. Shemeji alijaribu tena kutoka upande wa kushoto. Nikasogea kushoto. Maji yakanilowesha suruali mpaka mapajani. Sikushuka mpaka ndoo ya mwisho ilipogeuzwa chini juu.

Ilipokauka, suruali ile nyeusi ilikuwa na ramani nyeupe tangu kiunoni mpaka magotini. Dada Zuhura alipoiona akaona aibu kwa niaba ya nyumba nzima.

"Kaka, ivue niifue sasa hivi," akasema. "Maji yapo tele."

Nikamwambia asante, nitaifulia Dar.